Mteja wa Fundi Kesho

Haya yote niliyaona mimi mwenyewe, kwa macho yangu mawili na jingine la tatu nililolitoboa ukutani. Natanguliza hilo kwa sababu watu wengi wakisimulia habari za majini hukwambia walisikia kwa mjomba wa rafiki wa jirani. Mimi simtegemei mjomba wa mtu. Nina kibanda changu cha kushona viatu, na ukuta wake mmoja, wa mbao, ndio huohuo ukuta wa chumba cha fundi cherehani. Ubao mmoja una tundu. Nililitoboa kwa msumari, wala si kwa ubaya. Kazi ya viatu ina upweke wake, mtu unashinda kutwa unatazama nyayo za watu badala ya nyuso zao.

Fundi huyo tulimwita Kesho. Alikuwa na jina lingine, la kuzaliwa, lakini lilikosa kazi. Ukienda kuchukua gauni lako, njoo kesho. Mwenye chumba akifuata kodi, njoo kesho. Mwenye duka akisimama mlangoni na mikono kiunoni, mdomo umeshafunguka kutukana, njoo kesho. Alilitamka neno hilo bila kuinua kichwa, mguu kwenye kanyagio la cherehani, kama mtu anayefukuza nzi. Ukimsemesha sana alilitamka mara mbili.

Mimi shule sikufika mbali, hesabu za kugawanya ndizo zilizonifukuza, lakini madeni ya Kesho niliyaelewa vizuri. Yalianza mkewe alipojifungua kwa kupasuliwa. Alikopa kwa kaka yake akalipa hospitali, akakopa dukani ili nyumba ipate kula huku akimlipa kaka, akala kodi ya chumba ili kumtuliza mwenye duka, na kodi ilipomkaba akaanza kuuza vitambaa vya wateja. Hata mimi nilikuwa nimempa kitambaa cha suruali, cha kijivu, kizito, kitambaa cha mtu anayejiheshimu. Nilikuja kukiona kimevaliwa na mlinzi wa benki. Na kilimkaa vizuri, ndilo lililoniuma.

Lakini hayo ni madeni ya watu wa nje. Yaliyokuwa yakimla Kesho ni ya ndani. Bangili za mkewe, alizoachiwa na marehemu mama yake, alizipeleka kwa sonara akamdanganya kwamba zinasafishwa. Kibubu cha binti yake alikivunja, akakiunga kwa gundi, akakijaza vifungo vya mashati ili kisipungue uzito. Mkewe alijua yote. Alinyamaza tu, na ukimya ule ulimtesa Kesho kuliko matusi ya dukani.

"Jirani," aliniambia siku moja kupitia kwenye ubao, "mimi sitaki utajiri. Nataka nimtazame mke wangu usoni, basi. Hawa wengine laiti wangenisahau. Waamke asubuhi hawanikumbuki kabisa, hata sura."

"Wakikusahau wote, suruali yangu nitaidai kwa nani?"

"Na wewe usahau. Ningetoa chochote."

Tukacheka. Jua lilikuwa kali, hata mbwa walikuwa wamejificha. Ndipo ukasikika mlango wa Kesho ukigongwa, taratibu, kwa adabu.

"Njoo kesho!" akasema Kesho, kichwa chini.

Kugonga kukakoma. Mimi nikaweka jicho kwenye tundu nione ni mdai gani huyo mwenye adabu. Mlangoni hapakuwa na mtu. Na mlango wenyewe, ndugu zangu, ulikuwa wazi tangu asubuhi, umesukumwa hadi ukutani na kuegeshewa jiwe. Sasa kilichogongwa ni nini?

Siku ya pili, wakati uleule, akaja. Sikumbuki alivyoingia. Nilimwona tayari amekaa kwenye benchi la wateja, mtu mrefu mwenye nguo safi, mikono imelala magotini. Chumba kilijaa harufu ya kitambaa cha sufu kilichoungua, ile ya pasi ya mkaa ikisahauliwa juu ya koti, lakini pasi ya Kesho ilikuwa rafuni, imepoa.

"Ulisema nije kesho," mgeni akasema. "Nimekuja."

"Karibu, mzee. Nikushonee nini?"

"Koti."

Kesho akachukua futi yake, ile ya plastiki laini wanayoivaa mafundi shingoni, akaanza kupima. Mabega akapima. Akaweka ncha ya futi begani, akaanza kushuka na mkono kuelekea kiganjani, akashuka, akashuka. Nikamwona anasimama. Futi ilikuwa imekwisha, na mkono ulikuwa haujaisha. Na ukiutazama ulikuwa mkono wa kawaida tu, umelala palepale gotini. Akaanza upya begani. Futi ikaisha tena.

"Mzee," akasema Kesho, "mkono wako..."

"Kata kwa makadirio. Bei nimeikubali."

"Sijakutajia bei."

"Ulimtajia jirani yako."

Halafu yule mtu akageuza uso, polepole, bila shingo kusaidia, hadi akanitazama mimi, ndani ya tundu langu, jicho kwa jicho. Wengine wangekimbia. Mimi sikukimbia. Nilianguka, na kuanguka si kukimbia. Nilipoinuka benchi lilikuwa tupu na Kesho alikuwa ameketi sakafuni anaizungusha futi kwenye vidole kama mtoto.

"Umemwona?" akaninong'oneza.

"Nimemwona."

"Usimwambie mama nanihii."

"Mama nanihii" ndivyo alivyokuwa akimwita mkewe akichanganyikiwa. Nikamwahidi.

Basi, mambo yakaanza kuwa mazuri. Ndiyo, mazuri! Mwenye duka alipita asubuhi bila kutukana. Alipita tena jioni, kimya. Mwenye chumba alipita na fimbo yake, akatazama upande mwingine. Wateja wale wa vitambaa vilivyoliwa kila mmoja aliikuta nguo yake mlangoni kwake, imekunjwa, imeshonwa kwa kitambaa chake kilekile kilichokwisha uzwa, mishono midogo isiyo na fundo hata moja. Kesho akaanza kupiga mluzi. Alinunua embe akanipenyezea nusu kwenye upenyo wa mbao.

"Jirani, wamenyamaza! Kila mmoja! Sijui nani kanilipia, lakini Mungu ambariki."

"Sidhani kama ni wa kuombewa baraka huyo," nikasema.

Hakusikia. Mtu aliyetoka kudaiwa huwa kiziwi kwa furaha. Akaenda dukani kifua mbele kununua sukari. Mwenye duka, aliyekuwa akimtukana kwa majina ya babu zake, akampokea kwa tabasamu.

"Karibu, mgeni. Umehamia mtaa wetu?"

Kesho akacheka, akidhani ni kejeli. Mwenye duka hakucheka. Akamfungia sukari, akamwuliza kama ana familia, akamtakia makazi mema.

Mimi nguo yangu niliikuta kwenye kigoda changu nilipofungua kibanda, kufuli likiwa halijaguswa. Suruali ya kijivu, imekunjwa, mstari wa pasi ungeweza kukata mkate, na inanuka ule moto. Nilitamani kuivaa, sifichi. Lakini mimi si mtu wa kuvaa nguo iliyoshonwa na mikono isiyopimika. Niliishika kwa koleo nikaitia kwenye jiko la mkaa ninalochemshia gundi. Ilichukua muda mrefu sana kuungua, na moshi wake haukupanda juu, ulitambaa sakafuni na kupita chini ya ubao kuelekea kwa Kesho.

Muda si mrefu mwenye chumba akabadilisha kufuli. Kesho akagombana naye barabarani.

"Chumba hiki hakijapata mpangaji muda mrefu," mwenye chumba akasema, bila hata hasira. "Wewe ni nani, bwana?"

Akakimbilia kwa kaka yake, yule wa deni la hospitali. Nilimsindikiza. Kaka alitoka getini akiwa na pua ileile, masikio yaleyale, ukiwaweka pamoja ungedhani fundi mmoja aliwakata kwa kipande kimoja.

"Mnamtafuta nani?"

"Kaka, ni mimi."

"Mimi sina mdogo. Mama yangu alinizaa peke yangu." Akatufungia geti kwa upole, kama mtu anayewaonea huruma wagonjwa.

Tukarudi. Cherehani, iliyotupwa nje siku kufuli lilipobadilishwa, tulikuwa tumeiingiza kibandani kwangu, na ilipofika magharibi, umeme ukiwa umekatika na mtaa mzima umeingia giza la mapema, Kesho akiwa amekaa kwenye gunia la soli na mimi nimekaa mlangoni kwa sababu mlangoni ndipo mtu anapotorokea kwa urahisi, kanyagio likaanza kwenda lenyewe, kwanza pole kama mtu anayejaribu mguu, halafu haraka, halafu haraka zaidi, sindano ikipanda na kushuka juu ya hewa tupu, uzi haupo, kitambaa hakipo, na ile harufu ya sufu ikizidi hadi tukaisikia kwenye ulimi, na bado tukasikia, juu ya kelele za cherehani, kitu kingine kidogo kilichotutia baridi kuliko vyote: sauti ya vifungo vikimwagwa, kimoja kimoja, kama vinavyotolewa ndani ya chombo chembamba, na baada ya vifungo ikafuata sauti ya sarafu zikiingizwa mahali pao.

Kesho akasimama. "Kibubu," akasema.

Alikimbia hadi nyumbani kwake. Na mimi nikamfuata, na mtu asiniambie nilikuwa nyuma sana.

Tulimkuta binti ameketi mkekani, kibubu mapajani, anakitikisa kwa furaha. Hakikuwa na ufa wa gundi tena. Alimwinulia baba yake macho, furaha ikamtoka, akajikunyata nyuma ya gauni la mama.

"Mama, huyu mtu anataka nini?"

"Ni baba yako, mwanangu. Usicheze hivyo."

"Sina baba mimi." Alianza kulia, kilio cha kweli cha mtoto aliyeingiliwa na mgeni. "Mwambie atoke! Mama, mwambie atoke!"

Mkewe Kesho hakupiga kelele. Alimtuma binti chumbani, akafunga pazia, akamgeukia mumewe na kwa mara ya kwanza wakaongea habari ya madeni, pale, mbele yangu, kwa minong'ono. Kesho akamweleza mteja. Akamweleza alichokitamani. Akamweleza bangili.

"Nilijua za bangili," mkewe akasema. "Sonara ni mtani wangu."

"Ukiziona zimerudi, usiziguse! Usizitazame! Akikulipa na wewe..."

"Usilie. Nyamaza kwanza, tufikiri."

Aliyetufikiria ni mganga, mama mmoja mnene mwenye miwani, anauza mkaa asubuhi na kutibu mchana. Alisikiliza huku anafuta vumbi la mkaa kwenye viganja.

"Malipo mbele," akasema. "Mtu mwenye ugonjwa kama wako simkopeshi."

Mimi ndiye niliyetoa pesa, Kesho akaapa atanilipa, nikamwambia ni sadaka. Mganga akazitia kifuani, akavua miwani.

"Huyo ananunua madeni. Ndiyo riziki yake. Akimlipa mdai, anachukua na kumbukumbu ya mdai, kama dalali anavyochukua chake. Sasa limebaki deni gani?"

"La mke wangu," akasema Kesho.

"Basi mkeo akusamehe kabla yeye hajalipa. Deni likisamehewa na mwenyewe, kwa moyo mweupe, yeye hana cha kununua. Atakaa njaa, ataondoka. Mchana kweupe, mke ndani, mume nje ya kizingiti, na shahidi mmoja ndani aone." Akanigeukia. "Na wewe unamdai?"

"Suruali."

"Msamehe."

"Kitambaa kile kilikuwa ghali," nikasema. "Tuanze na mkewe."

Ni ubahili tu. Sisingizii busara.

Tukaenda. Mkewe alikuwa anamenya viazi, binti anacheza na maganda. Alipoelezwa alifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu, na nikaona jinsi alivyokuwa mzuri kabla ya madeni.

"Hilo tu? Ningekusamehe tangu zamani, ungeniomba."

"Nilikuwa naona aibu."

"Mpumbavu wangu."

Akasimama ndani. Kesho akasimama nje, jua limempiga kichwani, futi bado shingoni. Mimi nikabanwa kati ya kabati na ukuta. Harufu ya kuungua ilianza, na mkono wangu ukashika mguu wa kabati wenyewe bila kuniuliza.

"Mume wangu," akasema, na sauti yake haikutetemeka, "bangili za mama yangu nimekusamehe. Kwa moyo wangu wote. Sikudai chochote. Wewe ni huru."

Kesho alimtazama usoni. Lile alilolitaka siku zote, alilipata, alimtazama mkewe usoni bila deni. Na uso ule, mbele ya macho yetu, ukanyooka taratibu, kunjo moja baada ya jingine, kama kitambaa kinachopitishwa pasi, hadi hapakubaki kitu juu yake isipokuwa adabu.

"Karibu, kaka," akasema. "Unamtafuta nani?"

"Mama nanihii. Ni mimi."

"Samahani, sikufahamu. Hapa naishi na mwanangu tu."

"Mama, ndiye yule mtu!" binti akapiga kelele.

Nyuma ya Kesho, barabarani, kwenye jua lile kali, yule mrefu alikuwa amesimama amevaa koti lake, lile aliloliagiza, limemkaa kila mahali. Alikuwa anasubiri kwa adabu, mikono imeshuka, na sikutaka kuona imeishia wapi.

Mke akafunga mlango. Akatia komeo. Akaliegemea kwa paji la uso, na chozi moja likamtoka, likashuka hadi kidevuni, naye akaligusa kwa kidole na kulitazama kama asiyejua limetoka wapi. Kisha akaniona kando ya kabati. "Fundi viatu! Na wewe umeingia saa ngapi?"

Nilirudi kwa mganga mbio, kumdai dawa yake. Aliniuliza fundi gani. Aliniuliza hata kama namjua vizuri, au nina homa. Alikwisha lipwa yule mama, hamdai mtu, atamkumbuka kwa lipi? Hapo ndipo akili yangu ya darasa la chini ilipofunguka. Yule mteja hakununua deni la mtu. Kesho alitaka wadai wamsahau, na mdai akishapata chake, kwa kulipwa au kwa kusamehe, kazi inakuwa imekwisha. Amebaki mmoja tu anayemdai, naye ni mimi.

Huja kibandani, siku akipata nguvu. Amekonda. Watu humpisha njiani kwa upole wanaowapa wageni. Analala popote, maana popote anapolala asubuhi mwenye mahali huuliza ni nani. Mke anapita na binti kwenda sokoni, na Kesho huinama kama anatafuta kitu chini, wapite.

Na suruali? Inakuja. Kila baada ya muda naikuta kigodani, imekunjwa, inanuka. Naichoma. Miguu yangu siku hizi ina baridi yabisi, na mkono unaoshika koleo unatetemeka, na sijui nikifa itakabidhiwa nani.

Juzi aliniomba. "Jirani, nisamehe na hiyo. Nimechoka. Nimalizike."

"Sisamehi," nikamwambia. "Nakudai, na nitakudai."

Akazungusha futi kwenye vidole. Halafu akauliza lile analoliuliza kila akija, kwa minong'ono, kama mtu anayeomba maji: "Mlango ulipofungwa. Wewe ulikuwa ndani. Alifanyaje?"

Nikamweleza tena. Paji la uso kwenye komeo, chozi moja, kidole. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka anatembea vizuri kidogo.

Niliyoyasimulia ni kweli, niapishwe popote. La paji la uso na chozi tu ndilo langu, nimelitia mwenyewe. Hakulia. Alitia komeo, akarudi kwenye viazi vyake, binti akamwonyesha ganda lililofanana na masikio ya punda, wakacheka wote wawili, na kicheko cha yule mama kilikuwa chepesi kuliko chochote nilichowahi kukisikia kutoka katika nyumba ile.